Beni-Butembo: Kuangalia mbio za magari «bure» mtandaoni, mega zinaisha kabla ya mshindi kujulikana

Tarehe 12 Desemba 2021, saa tisa alasiri kwa saa yetu, mbio za mwisho za Formula 1 za mwaka ule zilianza Abu Dhabi. Max Verstappen na Lewis Hamilton walikuwa na pointi sawa: atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa wa dunia. Magari yalipaswa kuzunguka mara 58. Karibu na mwisho, gari la Nicholas Latifi liligonga ukuta, gari la usalama likaingia barabarani, kisha mbio zikafunguliwa tena ukiwa umebaki mzunguko mmoja tu. Verstappen, mwenye matairi mapya, akampita Hamilton.

Mimi sikuona. Katika chumba changu hapa Butembo, simu ilikuwa imeganda kwenye picha ya lile gari la usalama. Juu yake likafunguka tangazo la kubashiri mpira. Nilipolifunga, ukurasa ukaanza upya, na mega zikaisha hapo hapo. Jina la bingwa nilikuja kulipata baadaye, kwa ujumbe wa ndugu mmoja wa Beni aliyekuwa kwenye tovuti nyingine ya namna ile ile. Naye picha yake ilikuwa imekatika. Aliambiwa na mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nimezungumza na wengi, Butembo na Beni, wanaopenda mbio za magari na za pikipiki. Karibu kila mmoja ana hadithi kama yangu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiende kuangalia kwenye nganda kama watu wa mpira. Tatizo ni saa. Mbio nyingi za Ulaya zinaanza siku ya Mungu saa tisa alasiri kwa saa ya Beni na Butembo, na mara nyingi saa hiyo hiyo kuna mechi ya ligi ya Uingereza. Mwenye nganda hawezi kugeuza chaneli kwa ajili ya watu watatu huku thelathini wanangoja mpira. Kulipia dekoda nyumbani kila mwezi, na kuwa na umeme wa hakika wa kuiwasha, si jambo la kila familia. Basi inabaki simu.

Na si kwamba mbio hizi ziko mbali nasi. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na inafanyika Naivasha, hapo Kenya. Tangu hapo hadi 2025 Toyota ndiyo iliyoshinda kila mwaka: Ogier mara mbili, Rovanperä mara mbili, kisha Elfyn Evans. Mtu aliyewahi kupita njia ya Manguredjipa msimu wa mvua anaelewa mara moja kwa nini dereva anashangilia kufika tu. Formula 1 nayo imegusa hata siasa yetu. Desemba 2024 Rwanda ilitangaza kwamba inaomba kuandaa mbio hizo. Februari 2025, Goma ikiwa imekwisha kuanguka, waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia wakubwa wa Formula 1 akiwaomba wasimamishe mazungumzo hayo.

Turudi kwenye simu. Hizi tovuti za bure hazina kamera hata moja. Zinachukua picha ya kituo cha kulipia cha nchi fulani na kuirusha tena, bila ruhusa. Ndiyo maana unasikia mtangazaji wa Kihispania au Kiholanzi, na ndiyo maana picha inakufikia imechelewa, wakati mwingine kwa dakika nzima. Watu wanapoingia kwa wingi mwishoni mwa mbio, mtambo unalemewa na picha inaganda. Na rally ni mbaya zaidi, kwa sababu inachukua siku tatu au nne: kiungo cha asubuhi kinakuwa kimekufa kabla ya mchana.

Hesabu ya mega ndiyo inayouma. Video ya ubora wa kawaida inaweza kula nusu giga kwa saa moja, na ile ya ubora wa juu inazidi giga moja. Mbio za Formula 1 zinachukua saa moja na nusu au mbili. Ongeza matangazo yanayojifungua yenyewe na kila mara unapofungua ukurasa upya. Kwa kijana wa pikipiki anayenunua mega kidogo kidogo, hiyo ni kazi ya siku inayokwenda kwa picha iliyoganda.

Lakini kuna jambo linalonitisha kuliko mega. Kwetu simu ndiyo benki. Ndani yake kuna pesa ya duka, ya karo ya watoto, ya likelemba. Na ni simu hiyo hiyo tunayobonyeza nayo vitufe vya uongo: kimoja kinasema uangalie, kingine kinasema upakue programu ndipo picha ifunguke, kingine kinaomba namba ya kadi «kwa kuhakikisha tu». Programu kama hiyo ikiingia, inaweza kusoma ujumbe wako na kuiba namba za siri. Ukurasa wowote unaokudai upakue kitu au utoe namba ili uone mbio, ufunge. Hakuna mzunguko wa mwisho unaostahili hatari hiyo.

Wenye tovuti hizi nao hawafanyi kwa huruma. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba Streameast, mtandao mkubwa wa kurusha michezo bila ruhusa, Formula 1 na MotoGP zikiwamo, umefungwa, na watu wawili wamekamatwa Misri. Ulikuwa na anwani 80, na ulitembelewa zaidi ya mara bilioni 1.6 kwa mwaka mmoja. Pesa yake ilitoka kwenye matangazo, yale yale tunayoyafunga kwa hasira. Siku chache baadaye nakala zenye jina linalofanana zilikuwa zimejaa mtandaoni. Kwetu pia sheria ya haki za watunzi ipo tangu 1986, ingawa sijasikia mtu akiizungumzia kwenye meza ya nganda.

Mimi siku hizi nangoja jioni. Formula 1 yenyewe inaweka kwenye YouTube muhtasari wa dakika chache, bila malipo, na wa WRC wanafanya vivyo hivyo. Shida ni kufika jioni bila kuambiwa mshindi, kwa hiyo siku ya mbio nafunga WhatsApp tangu saa nane. Ndugu wa Beni hakubaliani nami. Kila siku ya Mungu ananitumia kiungo kipya, na nusu saa baadaye ananitumia kingine, kwa sababu kile cha kwanza kimekufa.