Kichaga hakijamwibia mtoto Kiingereza

Mwika na Moshi mjini kuna imani iliyokomaa: mtoto akisemeshwa Kichaga nyumbani, Kiingereza kitamshinda shuleni. Ndiyo maana bibi aliyeshinda sokoni akibishania bei ya mkungu wa ndizi kwa Kivunjo, yaani Kichaga cha Vunjo, akirudi kihambani hugeukia Kiswahili mbele ya mjukuu aliyeletwa Krismasi kutoka Dar es Salaam. Hofu ya wazazi inaeleweka. Hoja yao ndiyo haisimami. Marekani, tangu sensa ya 1980, watu huulizwa kama nyumbani wanazungumza lugha nyingine isiyo Kiingereza, kisha huulizwa Kiingereza wanakijua kiasi gani. Ni maswali mawili, kwa kuwa jibu la kwanza halitoshi kukisia la pili. Sensa yetu ya Tanzania iliacha kuuliza kabila baada ya 1967, kwa nia njema ya kujenga taifa, na upande wa lugha huuliza kusoma na kuandika tu. Anayedai kuwa nyumba za Kichaga ndizo zinazotoa wanafunzi dhaifu hana takwimu mkononi.

Ushahidi uliopo unanyooshea kidole darasa. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyojulikana kama Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na serikali haikukubali. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kusomea masomo yao (ajabu ni kwamba walishauri kiendelee kutumika). Udhaifu huo haukuwa wa Wachaga. Ulikuwa wa mfumo unaomfikisha mtoto darasa la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakuta baiolojia, historia na hesabu zimegeuka Kiingereza, mbele ya mwalimu ambaye mara nyingi naye alipitia njia hiyo hiyo.

Mtu atasema: mbona watoto wa inglishi midiamu wanakimwaga? Wanakimwaga kwa sababu wanafundishwa kwacho tangu chekechea, kwa vitabu na walimu waliolipiwa ada. Ukimya wa bibi haukuchangia kitu. Kivunjo kikiondoka nyumbani, kwa kawaida nafasi yake inachukuliwa na Kiswahili, ambacho mtoto angekiokota uwanjani bila gharama. Hapo jirani, lango la Marangu, wapo waongoza watalii waliokulia Kichaga na wanaokula kwa Kiingereza. Wala Kivunjo si lugha nyepesi ya kudumaza akili: Joan Bresnan na Lioba Moshi walikichambua mwaka 1990 katika makala inayorejewa sana na wanaisimu, na mwanasaikolojia Steven Pinker akashangilia vitenzi vyake katika kitabu chake cha 1994.

Pingamizi zito ni la ndoa za mchanganyiko. Kimachame na Kivunjo, ingawa vyote ni Kichaga, havisikilizani kirahisi, sembuse Kichaga na Kisukuma. Nyumba ya namna hiyo ikishika Kiswahili imetafuta kuelewana, na hakuna wa kuilaumu. Ila pale baba na mama wote ni wa Vunjo, wakakinyamazisha kwa ajili ya mtihani wa kidato cha pili, wametoa lugha bure, maana mtihani ule mtoto ataujibu kwa Kiingereza alichofundishwa darasani, kiwe kingi au kidogo.