Zamu ya Usiku Nayo Iambiwe

Tangu Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa wa majarida ya tiba wamekuwa wakiendesha mpango wa Hinari, ambao leo ni sehemu ya Research4Life. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazitozwi ada. Maana yake ni kwamba Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Norway mwaka 1955, au hospitali ya wilaya pale Katesh, Hanang, inaweza kusajiliwa na watumishi wake wakasoma majarida yaleyale anayosoma daktari wa London. Hilo ni jambo kubwa na limesifiwa ipasavyo. Lakini mlango wenyewe ni mwembamba. Kwa miaka mingi taasisi imekuwa ikipewa jina moja la kuingilia na nywila moja, na ni mtu mmoja au wawili wanaopokea barua pepe pindi kitu kinapobadilika. Barua hiyo ikiishia mezani kwa mtu huyo, hospitali nzima imefungiwa nje na haina habari. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuwaarifu wasomaji juu ya mabadiliko si kibarua cha ziada ambacho mkutubi atakifanya akipata nafasi. Ndiyo huduma yenyewe, na katika wilaya zenye umbali kama hizi mbili ni sehemu ya usalama wa mgonjwa.

Tazama jambo hili kwa macho ya anayesoma. Afisa tabibu wa zamu ya usiku anafungua simu yake saa nane, anabonyeza kiungo alichokihifadhi mwaka jana, na ukurasa unamwambia alipe kwa dola ili asome makala moja. Huenda nywila imebadilishwa. Huenda tovuti imehamia anwani nyingine. Huenda mchapishaji amejiondoa, au hospitali imechelewa kuhuisha usajili wake. Kwake yote hayo yana sura moja, nayo ni kwamba maktaba imefungwa. Anarudi kwenye kumbukumbu ya chuoni, au anamuuliza mwenzake ambaye naye anategemea kumbukumbu ya chuoni, na mwezi unaofuata hahangaiki tena kujaribu. Hivyo ndivyo huduma iliyo hai kwenye mikataba inavyokufa mikononi mwa watumiaji wake bila mtu yeyote kuifuta. Takwimu za matumizi zikishuka, wakubwa watasema watumishi wetu hawapendi kusoma. Shutuma hiyo ni ya haraka mno, na mara nyingi si ya haki.

Kuna tukio linaloonyesha thamani ya taarifa kwa upande wa pili. Mwanzoni mwa 2011 wachapishaji kadhaa, Elsevier na Springer wakiwamo, waliyaondoa majarida zaidi ya 2,500 kwa watumiaji wa Hinari nchini Bangladesh. Barua ya kuwaeleza ilifika, watafiti wakajua ni nani aliyeondoa nini, wakapaza sauti hadi kwenye majarida makubwa ya tiba duniani, na haikupita muda mrefu majarida yakarudishwa. Taarifa ile ilikuja ikiwa imechelewa na haikuwa na heri ndani yake, lakini iliwapa wasomaji kitu cha kushika. Kama wangedhani tu kwamba mtandao unasumbua, wangemlalamikia nani? Mtumiaji aliyeambiwa anaweza kudai haki yake, kumbe asiyeambiwa hubaki na dhana.

Tena kinachobadilika si mlango peke yake, hata kilichomo ndani hubadilika, na hapo ndipo hatari inapoingia wodini. Tanzania Bara iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 ikaanza kutumia dawa ya SP, na kufikia mwisho wa 2006 ikaanza kuhamia dawa mseto ya ALu. Mwongozo wa taifa wa matibabu una toleo la 2017 na toleo la 2021. Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 liliitaja asidi ya traneksamiki kama ya kukimbilia pale dawa nyingine zinaposhindwa. Mwaka 2017, baada ya utafiti wa WOMAN uliohusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwamo, lilisema itolewe mapema, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Sasa fikiria faili la mwongozo wa zamani lililopakuliwa kwenye simu mwaka 2016. Halizeeki machoni pa mwenye simu. Linafunguka vizuri hata pasipo mtandao, na kwa sababu hiyo hasa ndilo linalofunguliwa. Maktaba inayoweka toleo jipya rafuni au mtandaoni, isiseme kwamba la zamani lifutwe, imefanya nusu ya kazi.

Haydom yenyewe imetoa ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua kuhusu namna ya kumfikia mtumishi. Mwaka 2010 wahudumu wa uzazi wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, yaani kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa kwa mdoli walifanya vizuri kuliko awali. Walipofuatiliwa mbele ya watoto wenyewe, utendaji haukuwa umebadilika. Tangu 2011 utaratibu ukageuzwa: mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5, kila wiki, palepale wodi ya uzazi. Matokeo yaliyochapishwa 2015 katika jarida la Resuscitation yanaonyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Najua kumpa mtoto pumzi ni ustadi wa mikono, na tangazo la maktaba ni maneno tu. Lakini hospitali ilikuwa ileile, na somo lilikuwa lilelile. Kilichotofautiana ni mahali na marudio. Tangazo lililobandikwa mara moja kwenye ubao wa matangazo linafanana sana na ile siku moja ya 2010.

Kwa hiyo taarifa ipelekwe pale watumishi walipo tayari: kwenye ripoti ya asubuhi, kwenye makabidhiano ya zamu, kwenye kikundi cha WhatsApp cha idara. Itoke kabla ya mabadiliko, irudiwe siku yanapoanza, irudiwe tena wiki mbili baadaye kwa waliokuwa likizo. Iwe kwa Kiswahili, hata kama barua ya awali ilikuja kwa Kiingereza kutoka Geneva, na iwe fupi kiasi hiki: “Kuanzia Jumatatu anwani ya kuingia Hinari inabadilika. Kiungo ulichohifadhi kwenye simu hakitafanya kazi. Nywila mpya iko kwa mkutubi na kwa msimamizi wa zamu. Njoo na kitambulisho cha kazi. Ukikwama usiku, piga namba hii.” Angalia kwamba nywila yenyewe haimo. Masharti ya mpango yanataka itumiwe na watu wa taasisi tu, na vikundi vya WhatsApp vina wanachama waliohama kituo zamani na hawajatolewa. Nywila ikivuja, hospitali nzima inaweza kusimamishiwa huduma. Tangazo na liwe la wote, ufunguo utolewe mkono kwa mkono.

Wapo watakaosema Google inatosha. Inasaidia, na makala nyingi nzuri siku hizi ni za bure. Ila utafutaji huo huleta toleo la 2017 na la 2021 la mwongozo wa taifa bega kwa bega, wala haumwambii muuguzi wa Dongobesh, Mbulu, ni lipi Wizara ya Afya inalitambua leo. Wengine watasema watumishi wamechoshwa na jumbe. Ni kweli, na kosa hapo ni la wanaotuma kila kitu. Maktaba inayotuma ujumbe pale tu kitu kinapobadilika itasomwa. Hoja nzito zaidi ni ya mtandao wenyewe. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Lakini karatasi nayo, inayosafiri kwa barabara, ina siku zake mbaya: Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalifunika barabara Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Hakuna njia moja ya kuaminiwa peke yake. Nakala iliyochapwa ikae wodini, faili lipakuliwe kwenye kompyuta isiyotegemea mtandao, na kila moja iandikwe tarehe ya toleo kwa herufi kubwa juu kabisa.

Linabaki swali la zahanati, ambako hakuna maktaba wala mkutubi. Wagonjwa wengi wa Mbulu na Hanang, Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe, huanzia huko au huishia huko. Hospitali na ofisi za serikali zimo kati ya taasisi zinazoruhusiwa kusajiliwa Research4Life, kwa hiyo ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya inaweza kuuliza mapema ni watumishi gani watahesabiwa chini ya usajili wake, na kumtaja mtu mmoja, kwa jina na namba ya simu, kuwa mpokeaji wa taarifa na msambazaji wake. Watumishi wa zahanati hukutana na ofisi hiyo kila wanapopeleka ripoti ya mwezi. Dakika 5 za siku hiyo, pamoja na karatasi moja ya kurudi nayo kituoni, zinatosha kwa kuanzia.