Koo la mtoto na moyo wake

(Muziki wa kipindi, kisha unashushwa taratibu.)

MTANGAZAJI: Ninyi mlioko kambini na ninyi mnaotusikia kando ya ziwa, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, leo nazungumza na wazazi. Mtoto akisema koo linamuuma, tunampa maji ya moto yenye chumvi, au bibi anasema akakatwe kimeo. Baada ya siku tatu anacheza tena, na sisi tunasahau. Lakini kuna ugonjwa wa moyo wa watoto unaoanzia hapo hapo kooni.

Kijidudu chake kinaitwa streptokoka. Kinapita kwa kikohozi na pumzi kutoka mtoto hadi mtoto, na kinapenda sana pale watoto watano wanapolala mkeka mmoja. Mwili unatoa askari wa kupigana nacho. Kwa watoto wengine askari hao wanakosea adui: wiki 2 au 3 baada ya koo kupona, wanashambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Leo goti limevimba, kesho limetulia na kifundo cha mguu kinaanza.

Goti litapona. Ndani ya moyo, hata hivyo, kuna milango midogo inayozuia damu isirudi nyuma, inaitwa vali. Ikipata kovu haifungi vizuri, na kila homa mpya inaongeza kovu. Mtoto anaweza kukaa miaka bila dalili, kisha anaanza kuhema akibeba dumu la maji. Akifika hapo, wengine wanahitaji kupasuliwa moyo, na upasuaji huo haufanyiki Rumonge.

Sasa, mtoto ambaye vali zake zimeanza kuguswa lakini hajisikii kuumwa, sindano ya penisilini itamsaidia? Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa na jibu la hakika. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na wenzao wa nje walilitafuta Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako watu nao waliwahi kuishi miaka mingi kambini kwa sababu ya vita. Walipima mioyo ya watoto kwa ekografi, mashine ile ile akina mama wajawazito wanayoijua. Watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waliingia katika utafiti. Nusu walichomwa sindano kila wiki 4 kwa miaka 2, nusu hawakuchomwa, ila walifuatiliwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: waliochomwa, watoto 3 tu moyo wao ulizidi kuharibika. Wasiochomwa, 33.

Najua wengine mtasema, "Wanatujaribia dawa." Swali hilo ni la haki. Penisilini si dawa mpya, na utafiti wa kweli unaomba ruhusa ya mzazi kwanza. Ukikataa, matibabu ya kawaida ya mwanao hayakatwi.

Kwa hiyo mtoto mwenye koo kali na homa apelekwe kituo cha afya. Maji ya chumvi yanatuliza maumivu, kijidudu hayakiui. Kukata kimeo hakukitoi, kunaongeza jeraha na damu. Vidonge viwili vya kununua sokoni havitoshi. Maliza dozi yote uliyoandikiwa. Kama penisilini iliwahi kumletea mtoto vipele au uvimbe, mwambie muuguzi kabla ya sindano.

Na wale ambao watoto wao tayari wanachomwa kila mwezi: sindano hiyo inauma, tusidanganyane. Mtoto analia, anaonekana mzima, mama anamhurumia na kuacha. Msiache bila daktari kusema. Wengine mnaacha kwa sababu mmehamishwa na karatasi imebaki nyuma. Ifungeni pamoja na karatasi ya chakula, na mkifika mahali papya, mwonyesheni muuguzi siku ile ile, mkimwambia tarehe ya sindano ya mwisho.

(Muziki unapanda.)