Fahamu: Kazi ya utafiti baada ya uzamivu hupatikanaje?

Umetetea tasnifu, umevaa joho, watu wanakuita daktari. Kazi iko wapi?

Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu ni ajira ya muda, aghalabu mwaka mmoja hadi mitatu, chini ya profesa mwenye mradi. Mshahara hutoka kwenye ruzuku ya profesa huyo, na hapo nafasi hutangazwa kama kazi nyingine, au kwenye ruzuku unayoiomba mwenyewe.

Njia hii ya pili wengi wetu hatuijui, na inaniuma. Chukua ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Kwa watafiti wanaokwenda Ulaya, haubagui uraia. Sharti lake kubwa ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Ila huombi peke yako: lazima kwanza upate profesa wa kukupokea, kisha muandae andiko pamoja.

Ndiyo maana barua pepe ya kwanza ina uzito. Ile ya “Mheshimiwa Profesa”, iliyotumwa kwa watu arobaini, hujulikana kwa mstari mmoja tu. Taja makala yake uliyoisoma, swali lililobaki wazi, na jinsi data zako zinavyoligusa. Aya tatu zinatosha.

Nyumbani Afrika Mashariki pia usipapuuze. Kilifi na Ifakara kuna taasisi za utafiti wa afya zenye sifa duniani. Usingoje joho. Popote unapolenga, anza kuandika barua pepe hizo mwaka mmoja kabla ya kumaliza.