Je, Wajua? Malazi ya Hoteli Yasiyolipiwa Fedha

Je, wajua kwamba msafiri aingiaye New York, mji ambao chumba kimoja cha hoteli huweza kumgharimu mamia ya dola kwa usiku mmoja, aweza kulala humo pasipo kutoa fedha ya chumba, maadamu amekwisha kujiwekea akiba ya pointi kwa kufikia mara kwa mara katika hoteli za kampuni ile ile? Desturi hii ilianza mwaka 1983, pale Holiday Inn na Marriott, kila moja kwa mpango wake, zilipofuata nyayo za shirika la ndege la American Airlines, lililotangulia mwaka 1981.

Zamani idadi ya pointi zilizotakiwa na kila hoteli iliandikwa katika jedwali, ambalo mteja aliweza kulisoma na kufanya hesabu yake kwa utulivu. Lakini Hilton iliondoa jedwali lake mwaka 2017, na Marriott mwaka 2022, hata leo idadi hiyo hupanda na kushuka kwa kadiri ya wingi wa wageni, jambo ambalo, kwa rai yangu, limemwondolea mteja mwaminifu ile yakini aliyokuwa nayo. Fadhila iliyosalia ni kwamba alalaye Marriott siku tano mfululizo kwa pointi hulipia nne tu.

Fauka ya hayo, hoteli nyingi za New York hutoza ada ya ziada kila siku: Hilton na Hyatt humsamehe alalaye kwa pointi, ilhali kwingineko aghalabu hutozwa. Basi, msomaji, uliza habari ya ada hiyo kabla hujathibitisha chumba.