Dainamo na alteneta

Dainamo na alteneta (nm. [i-/zi-]) si visawe, ingawa zote huchaji betri. Dainamo hutoa mkondo mnyoofu kupitia komuteta. Alteneta huzalisha mkondo geu, nao hunyooshwa na dayodi.

Tofauti hiyo ina uzito katika trekta kuukuu la Ford 8N, lililoundwa Marekani kati ya 1947 na 1952. Lina dainamo na betri ya volti 6, na ncha iliyofungwa kwenye bodi ni *chanya*. Mfasiri anayeandika *hasi* kwa mazoea ya magari ya leo humfanya fundi aigeuze betri, na kidhibiti cha volti huweza kuungua.

Betri iliyojaa husoma takriban volti 6.3 injini ikiwa imezimwa. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, kipimo hupanda hadi volti 7 au zaidi kidogo. Kisipopanda, hukaguliwa kwanza mkanda na nyaya, kisha brashi na komuteta, na mwisho kidhibiti.

Mfano: *Dainamo haichaji kwa sababu brashi zake zimekwisha.*