Nani Aliyerushwa Angani? Namna ya Kuitambua Riwaya Iliyosahaulika Jina

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo wanafunzi wa fasihi tunaulizwa sana huko nje, lakini darasani halifundishwi: namna ya kukitambua kitabu ambacho msomaji anakikumbuka nusunusu. Jina halijui, mwandishi hamjui, jalada lilishang'oka zamani. Amebaki na vipande tu. Tutatumia mfano mmoja kutoka Lushoto, na kama tutakavyoona, mfano huo unahusu mengi zaidi ya jina la kitabu.

Msomaji wetu alikuwa sekondari mwaka 1997. Anasema kitabu kilikuwa cha Kiswahili, na kilipandishwa Lushoto na ndugu aliyetoka Mombasa. Vipande anavyovikumbuka ni vitano: (a) mtu mmoja alichukiwa kwao tangu utotoni kwa kuwa aliota meno ya juu kwanza, (b) alishitakiwa akahukumiwa kufa, (c) badala ya kunyongwa aliwekwa ndani ya chombo akarushwa angani, (d) akafika kwenye nchi ya watu wanaoishi kwa usawa, (e) watu hao wakamfanya mfalme. Mwenye kitabu alikichukua kabla msomaji hajakimaliza. Hadi leo anataka kujua kama yule mtu alirudi kwao.

Hatua ya kwanza ni kalenda. Ni hatua ya kawaida kabisa, lakini wahakiki wengi huiruka. Kitabu kilichosomwa mwaka 1997 hakiwezi kuwa Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed (2001), wala Bina-Adamu! cha K. W. Wamitila (2002), ingawa vyote viwili vina safari za ajabu na mtu anaweza kuvitaja haraka haraka. Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi vinapita kwenye kalenda. Lakini safari za humo ni za fikra na ndoto zaidi. Si hadithi za mfungwa kurushwa kwa chombo. Basi na vyenyewe tuviweke pembeni.

Hatua ya pili ni kuuogopa umaarufu. Ukimsimulia mtu yeyote wa Tanga habari za kesi na nchi ya angani, atakujibu papo hapo: "Ah, hiyo si Kusadikika?" Jibu hilo lina sababu zake. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea angani, na mhusika mkuu, Karama, anasimama mbele ya baraza akishitakiwa na Majivuno. Kwa hiyo kipande (b) kinakaribia, na neno "angani" lipo. Lakini Karama harushwi popote. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na mawazo mema, wakaambulia kifungo. Na mwishowe anashinda. Kitabu kinachojulikana na wote kina tabia ya kumeza vitabu vingine visivyojulikana. Mhakiki asikubali kirahisi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Kila kipande tukiulize: wewe umetoka kitabuni, au umetoka nyumbani? Hapa kipande (a) kinajifichua chenyewe. Mtoto anayeota meno ya juu kwanza ni kigego, na kigego maarufu kuliko wote katika milima ya Usambara ni Mbegha. Huyu ni mwindaji aliyetengwa na ndugu zake huko Nguu, akahama, akapanda Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, akafanywa mtawala. Na makao ya ufalme wa ukoo wake, Wakilindi, yakawa Vuga. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa katika misheni ya Magila miaka ya 1890, kisha kikatolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Hata kama msomaji wetu hajawahi kukishika kitabu hicho, Mbegha amemsikia kwa wazee. Kwa hiyo kipande (a) ni cha Mbegha, na kipande (e), cha mgeni kutawazwa, nacho ni cha Mbegha.

Tukiviondoa viwili hivyo, vinabaki hukumu ya kifo, chombo cha angani na nchi ya usawa, pamoja na mwaka 1997 na njia ya Mombasa. Sasa jibu ni moja: Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyotolewa Nairobi mwaka 1995. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa anajifunza kukiongoza, na anatua Walenisi. Jina hilo ukilikata linasomeka "wale ni sisi".

Je, kazi imekwisha? Kwa karani wa maktaba, ndiyo. Kwa mhakiki bado, kwa sababu lipo swali kubwa zaidi: kwa nini kumbukumbu ilimshona Mbegha juu ya Dzombo, na mshono ukashika miaka yote hiyo?

Umeshika kwa sababu umbo la hadithi ni moja. Wote wawili wametupwa na jamii zao, wote wanafika kwa wageni. Tofauti iko kwenye jambo moja tu, nalo ndilo roho ya riwaya: mgeni akishafika anakuwa nani? Mbegha anakuwa mtawala, na nasaba yake inatawala baada yake. Dzombo anakuwa mwanafunzi. Walenisi hawahitaji mfalme. Yeye ndiye anayehitaji kufundishwa jinsi watu wanavyoweza kuishi bila kunyonyana. Msomaji aliyemvika Dzombo taji amekumbuka matukio, lakini dhamira imempotea.

Linganisheni na riwaya za Kimarekani za wahamiaji wa angani. Katika The Martian Chronicles ya Ray Bradbury (1950), wenyeji wa Mars wanateketea kwa tetekuwanga iliyoletwa na wageni, kisha wageni wanajenga miji yao. Katika Farmer in the Sky ya Robert Heinlein, ya mwaka huohuo, walowezi wanakwenda Ganymede, wanasaga mawe kupata udongo, wanalima. Huko mgeni huenda kumiliki. Mkangi amekichukua chombo kilekile cha angani akakigeuza: mgeni anakwenda kugundua kwamba wale ni sisi.

Wala hakuyaandika hayo kwa kujifurahisha. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini na serikali ya Kenya. Alifariki mwaka 2004. Mtu aliyewahi kufungiwa kwa mawazo yake anapoandika habari za mfungwa aliyejifunza kuongoza chombo kilichotengenezwa ili kimuue, sisi wasomaji tunadaiwa angalau kulikumbuka jina la kitabu chake. Na sisi wa vyuoni tunaosema kwamba Kiswahili hakina bunilizi za kisayansi, tujiulize kama hatuna, au tunazo tumezipachika jina la Kusadikika na kupita.

Kwa kifupi basi, ukiletewa riwaya isiyo na jina: anza na mwaka, usidanganywe na kitabu maarufu, kisha tenganisha cha kitabuni na cha nyumbani. Lakini hicho cha nyumbani usikitupe. Kinakuonyesha msomaji alisoma kwa macho ya nani. Msomaji wa Usambara alimsoma Dzombo kwa macho ya Vuga, na huo nao ni usomaji, hata kama hauwezi kupata alama kwenye mtihani.

Kuhusu swali lake la mwisho, kama yule mtu alirudi kwao, hatumjibu hapa. Jina la kitabu sasa analo. Akitafute, na safari hii akimalize mwenyewe.